Basi la Umeme na Hesabu ya Mwenye Matatu

Mwishoni mwa mwaka 2017 jiji la Shenzhen, kusini mwa China, lilikamilisha kazi ambayo hakuna jiji kubwa lililokuwa limeifanya: mabasi yake yote ya abiria, 16,359 kwa hesabu, yakawa yanatumia umeme. Tangu hapo ni vigumu kwa mtu kudai kwa haki kwamba basi la umeme bado ni jambo la majaribio. Limeshapita kwenye joto, kwenye mvua kubwa na kwenye foleni za jiji la mamilioni ya watu. Mjadala wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Kigali unapoanza kwa kuuliza kama betri itafika jioni, unaanzia mahali ambapo wengine walishapita. Swali lililobaki ni la fedha, nalo ni gumu zaidi. Basi la umeme ni ghali kulinunua na rahisi kuliendesha. Nani basi alinunue, katika mji ambao magari ya abiria ni mali ya maelfu ya watu binafsi, wengi wao wakiwa na gari moja au mawili tu?

Nairobi ndiyo mfano ninaoutegemea zaidi hapa. Machi 2022 kampuni ya BasiGo ilianza majaribio ya kubeba abiria kwa mabasi mawili ya BYD yenye viti 25, yakiendeshwa na Citi Hoppa na East Shuttle. Kampuni ya Roam, iliyoanza kwa jina la Opibus, nayo ikaleta mabasi yake. Tena Kenya ina umeme ambao nchi nyingi tajiri zinautamani: takriban sehemu tisa kati ya kumi hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Ikiwa basi la umeme linaenea polepole hata hapo, sababu yake tuitafute nje ya mitambo ya kuzalisha umeme.

Tuanze na hesabu ya siku moja. Chukua basi la ukubwa wa kati linalokwenda kilomita 200 kwa siku na kula lita moja ya dizeli kwa kila kilomita tano. Litahitaji lita 40. Septemba 2023, dizeli ilipofika shilingi 200.99 kwa lita jijini Nairobi, lita hizo ziligharimu zaidi ya shilingi 8,000. Basi la umeme la ukubwa huo litatumia uniti 130 hadi 150 kwa safari hiyohiyo. Mwaka huohuo wa 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, kama shilingi 16 kwa uniti, na nusu ya hapo saa ambazo matumizi ya nchi yako chini. Kabla ya kodi na tozo, umeme wa siku nzima ni shilingi 2,400, au 1,200 kwa anayechaji usiku wa manane. Hapo hatujagusa mafuta ya injini, filta na sindano za dizeli, ambazo basi la umeme halina kabisa.

Ukiishia hapo utashangaa kwa nini kila mwenye matatu hajakimbilia umeme. Jibu moja limo katika jinsi fedha za matatu zinavyogawanywa, na wachambuzi wengi wa nishati hulipita bila kuliona. Katika magari mengi ya Nairobi dereva na makanga hukusanya nauli, hulipia mafuta kutoka kwenye makusanyo hayo, hulipa gharama za steji na za njiani, humpelekea mwenye gari kiasi walichokubaliana kwa siku, na kinachobaki ndicho chao. Maana yake mafuta hulipiwa na wafanyakazi, na gari hulipiwa na mwenyewe. Mwenye gari akiongeza mamilioni ili anunue basi la umeme, akiba ya dizeli itaangukia kwanza mikononi mwa dereva na makanga. Yeye hataiona mpaka aketi nao na kupanga upya hesabu ya siku. Mazungumzo hayo ni mazito kuliko jambo lolote la kiufundi kuhusu betri, kwa sababu yanagusa riziki ya watu wasio na mshahara wa mwezi wala mkataba wa maandishi. Mradi wa basi la umeme usiomweka makanga mezani tangu mwanzo utapingwa pale steji, na atakayepinga atakuwa na sababu ya haki.

Shenzhen haikuwa na kikwazo hicho. Mabasi yake yalikuwa chini ya kampuni tatu kubwa, serikali kuu na serikali ya jiji zililipa sehemu kubwa ya bei ya mabasi, na watengenezaji walitoa dhamana ya betri ya miaka minane, ambao ndio umri wa basi lenyewe kazini. Nairobi nayo iliwahi kuwa na kampuni moja kubwa, Kenya Bus Service, iliyoanza mwaka 1934. Lakini mji ulikua haraka kuliko mabasi yake, na mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akaruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu. Uamuzi ule uliwasaidia wakazi wa mitaa ambayo mabasi hayakufika, na pia ulitawanya umiliki wa usafiri kwa namna ambayo hadi leo hakuna mtu mmoja wa kusaini mkataba wa mabasi elfu moja. Sheria ya kuwalazimisha wenye matatu kujiunga na sako, yaani vyama vya ushirika, imesaidia, lakini sako nyingi husimamia njia na nidhamu tu. Magari yanabaki ya wanachama.

Kwa hiyo mnunuzi wa basi la umeme jijini Nairobi ni mtu wa mkopo, na mkopo wenyewe ni ghali. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake elekezi hadi asilimia 13, na benki za biashara zilikuwa zikikopesha juu ya hapo. Kadiri bei ya gari inavyokuwa kubwa, ndivyo riba inavyokula akiba ya mafuta. Kuna pia jambo la dhamana. Benki inalijua basi la dizeli: likichukuliwa kwa deni litauzwa, likitumika miaka mitano jijini litahamia barabara za mashambani na mwenyewe atapata fedha ya kununulia jingine. Basi la umeme halijapata soko la mitumba. Hakuna ajuaye litauzwa kwa bei gani Kitui au Kisii baada ya miaka minane, hasa mahali ambapo hakuna pa kuchajia. Benki isiyojua bei ya mwisho ya mali huongeza riba, au hukataa.

Hapa ndipo ubunifu wa kweli wa Nairobi ulipotokea, na ninauthamini kuliko mabasi yenyewe. Mwaka 2022 BasiGo ilitenganisha gari na betri. Mwenye matatu alitakiwa kulipa shilingi milioni 5 kwa basi, kiasi kinachokaribiana na bei ya basi la dizeli, kisha shilingi 20 kwa kila kilomita anayokwenda, malipo yaliyojumuisha betri, kuchaji na matengenezo. Kwa kilomita 200 ni shilingi 4,000 kwa siku. Hatari ya betri kuchoka mapema ikahama kutoka kwa mwenye gari hadi kwa kampuni, ambayo ndiyo inayoielewa betri hiyo.

Malipo ya kilomita yanaendana na maisha ya matatu kwa namna ambayo mkopo wa kawaida haujawahi. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri abiria hupungua, na gari huweza kukaa steji muda mrefu likisubiri kujaa. Benki haijali kusubiri huko, na mwisho wa mwezi inataka chake. Kilomita haidaiwi gari likiwa limesimama. Na muda huohuo wa kusubiri ndio unaofaa kwa kuchaji kidogo kabla ya wimbi la jioni, mradi chaja iko karibu na steji.

Lakini mpango huo una upande wake mgumu. Anayemiliki betri hurudisha fedha zake kwa kilomita, kwa hiyo anataka gari liende mbali na liende kila siku. Atachagua njia zenye abiria wengi na barabara nzuri: Thika Road, Ngong Road, Waiyaki Way. Njia fupi za vumbi zinazoingia ndani ya Mukuru au Kayole zitabaki na magari makuukuu, na watu wanaovuta moshi mwingi zaidi watakuwa wa mwisho kuondolewa moshi huo. Soko peke yake halitarekebisha jambo hili. Ruzuku ya umma ikipatikana, hata ndogo, ningependa iende kwenye njia hizo kabla ya kwenda kokote.

Upande wa umeme wenyewe habari ni njema kuliko watu wanavyodhani. Usiku wa manane matumizi ya Kenya hushuka sana, na visima vya mvuke vya Olkaria haviwezi kufungwa na kufunguliwa kama bomba la maji. Mara nyingi mvuke huachwa upotee hewani kwa kukosa mtumiaji. Mabasi yanayochaji kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri yangetumia kile ambacho sasa kinatupwa. Ugumu uko kwenye nyaya za mtaani. Mabasi ishirini yakichaji pamoja yanahitaji transfoma yao na laini ya kutosha, na kuvipata hivyo huchukua muda mrefu kuliko kuleta mabasi kutoka bandari ya Mombasa. Halafu kuna kukatika kwa umeme. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikuwa gizani kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Tukio kama hilo likiwa usiku, basi la dizeli litatoka alfajiri na la umeme litabaki limelala. Mji unaotaka kutegemea mabasi haya hauna budi kuwa na vituo vyenye laini mbili za umeme, au betri za akiba. Betri za mabasi zilizopungua nguvu zingefaa sana kazi hiyo.

Na mabasi yalale wapi? Matatu nyingi hulala kwenye vituo vya mafuta vya pembezoni mwa jiji, huko Rongai, Kitengela, Githurai na Kikuyu, kwa ada ya usiku, kwa sababu hapo pana taa na mlinzi. Ramani ya vituo vya kuchajia basi imekwisha kuchorwa na desturi. Mwenye kituo cha mafuta ana ardhi, ana ulinzi, na anao wateja tayari. Kumpa transfoma na mkataba wa haki ni rahisi kuliko kutafuta ekari mpya za depo katika mji ambao kila kipande cha ardhi kina kesi mahakamani.

Depo ni jambo ambalo Dar es Salaam imelijua kwa uchungu. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 kwenye njia ya kilomita 20.9 kutoka Kimara, na karakana yake ikawekwa Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi. Mvua kubwa zilipokuja, maji yaliingia karakana, mabasi yakaharibika, barabara ikafungwa tena na tena. Yale yalikuwa mabasi ya dizeli. Weka chaja, transfoma na nyaya za msongo mkubwa kwenye bonde kama lile na hasara itakuwa mara kadhaa. Watu hutazama basi, na hukumu ya mradi imekwisha kutolewa siku kiwanja kilipochaguliwa.

Tanzania pia ina hoja ambayo Kenya haina: gesi yake yenyewe. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika Dar es Salaam tangu 2004, na njia ya mwendokasi ya Mbagala imeletewa mabasi yanayotumia gesi. Siwezi kuuita uamuzi huo mbaya. Basi la gesi ni rahisi kulinunua kuliko la umeme, halitoi masizi kama la dizeli, na fedha ya mafuta inabaki nchini. Ila mwaka 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere ulianza kazi, katika mradi wa megawati 2,115, na mwaka huohuo treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kisha Dodoma. Nchi iliyoweza kupeleka treni ya umeme hadi makao makuu yake haina sababu ya kuliogopa basi. Na kwa kuwa mwendokasi una njia yake, ratiba yake na msimamizi mmoja, Dar es Salaam iko karibu na Shenzhen kwa mpangilio kuliko Nairobi. Mkataba ujao wa mabasi ungepaswa kuomba bei ya gesi na ya umeme kwa miaka yote ya kazi ya basi, si bei ya siku ya kununua.

Dakar ya Senegali ilionyesha njia ya mkataba wa muda mrefu. Mwaka 2024 mabasi marefu 121 ya umeme yalianza kazi kwenye njia maalumu ya kilomita 18.3 kati ya Guédiawaye na katikati ya jiji, mfumo wa kwanza wa aina yake Afrika unaotumia umeme mtupu. Serikali ilijenga njia na vituo, na mwendeshaji akapewa mkataba wa miaka mingi. Santiago ya Chile ilifanya jambo la karibu na hilo kuanzia 2018: makampuni ya nishati yalinunua mabasi na kuyakodisha kwa waendeshaji, malipo yakiwa na uhakika wa mfumo wa umma. Leo jiji hilo lina zaidi ya mabasi 2,000 ya umeme. Kote huko dola ilisimama nyuma ya mkopo, hata pale ambapo haikununua basi lenyewe, na riba ikashuka kwa sababu hiyo.

Tahadhari iliyobaki inahusu spea na mafundi, na hapo Kenya ina kumbukumbu yake. Mwaka 1986 serikali ya Rais Moi ilianzisha mabasi ya Nyayo, mengi yakiwa ya msaada kutoka nchi za Ulaya. Yalipendwa, yalikuwa makubwa, nauli yake ilikuwa nafuu. Katikati ya miaka ya 1990 shirika lilikuwa limeanguka, kwa usimamizi mbaya na kwa magari yaliyokosa matengenezo. Ugonjwa huu hauko Afrika pekee. Albuquerque, Marekani, ilirudisha mabasi yake ya umeme mwaka 2018 baada ya kugundua kwamba hayafiki umbali ulioahidiwa. Philadelphia iliondoa barabarani mabasi 25 ya Proterra mwaka 2020 kwa sababu ya nyufa kwenye bodi na fremu, na miaka mitatu baadaye kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Anayenunua leo aulize kampuni ya kigeni ikifa kesho nani ana programu ya kuifungua betri, na nani ana spea za mota. Fundi wa Grogan jijini Nairobi anaweza kuifufua injini ya Isuzu kwa vifaa vya duka la jirani. Hawezi kugusa betri ya volti mamia bila mafunzo na glavu maalumu, na akijaribu anaweza kufa. Kuunganisha sehemu za mabasi huko Thika na Mombasa ni mwanzo mzuri kwa sababu huko maarifa hubaki mikononi mwa watu walio karibu. Chuo cha ufundi chenye darasa la umeme wa magari kingefaa zaidi ya uzinduzi wenye utepe.

Nimesikia pia hoja ya kobalti ya Kongo: kwamba kila betri ina jasho la watoto wa Kolwezi. Hoja hiyo ni ya haki kwa simu nyingi na kwa magari mengi madogo. Lakini mabasi ya China kwa sehemu kubwa hutumia betri za lithiamu za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata gramu moja. Shaba ya Katanga inatumika, katika mota na nyaya, na ndugu zetu wa Lubumbashi wana haki ya kuuliza inawaachia nini.

Hazina nayo ina maslahi yake, ingawa huyataja kwa sauti ya chini. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli Kenya hulipa shilingi 25 za kutengeneza barabara. Basi letu la lita 40 linachangia shilingi 1,000 kwa siku. Likigeuka la umeme, mchango huo unatoweka, ilhali uzito wa betri unaumiza lami kama kawaida. Mabasi yakiwa mamia machache hakuna atakayejali. Yakifika maelfu, serikali itatafuta fedha hizo mahali pengine, na mahali palipo karibu ni bili ya umeme. Mwaka 2023 Kenya iliondoa mzigo wa VAT kwa mabasi ya umeme, na mwaka uliofuata mswada wa fedha ulizua hofu kwamba unafuu huo ungerudishwa nyuma, kabla mswada wote haujaondolewa kwa maandamano. Mwekezaji wa miaka kumi hawezi kupanga kwa sheria zinazotikisika kila Juni. Afadhali serikali itamke mapema tozo ya barabara kwa kilomita, ndogo na inayopanda taratibu, kuliko kusamehe yote leo na kushtua watu kesho.

Abiria atapata nini? Atapata hewa, na hilo ni kubwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipunguza salfa kwenye dizeli kuanzia Januari 2015, lakini injini chakavu huchafua hata mafuta safi, na anayesimama steji ya Tom Mboya saa kumi na mbili jioni analijua hilo kwa kifua chake. Atapata pia ukimya wa gari, usiomlazimisha kupaza sauti kwenye simu. Nauli, hata hivyo, haitashuka kwa sababu ya betri. Nauli ya Nairobi hupandishwa na mvua, na foleni, na wingi wa watu steji, na gharama ya kuendesha gari ina sauti ndogo katika bei hiyo. Ili akiba ya umeme imfikie abiria, lazima awepo mtu wa kumnunulia kilomita: kaunti, au mamlaka ya usafiri ya NaMATA iliyoundwa 2017, ikisaini na sako mikataba ya kulipwa kwa kilomita zilizoendeshwa kwa ratiba na kwa nauli iliyotajwa, badala ya kuliacha kila gari likimbizane na abiria. Mabasi ya umeme tayari yanahesabu kilomita zake, kwa hiyo kipimo cha malipo hayo kipo. Kinachokosekana ni bajeti ya kaunti yenye mstari huo, na sako moja au mbili za kuanza nazo, pengine kwenye njia ya Embakasi au ya Dandora, ambako abiria ni wengi na moshi ni mzito.